Msimu wa Matope

Waendesha baiskeli wa Ulaya hupumzika theluji inapoanguka. Sisi hupumzika barabara inapogeuka uji. Kila masika inapokolea, hufunga baiskeli yangu juu ya basi na kurudi kwa Bibi, Kwashemshi, Korogwe. Mbio zitaanza tena ardhi ikikauka.

Neno "kupumzika" linadanganya kidogo. Kazi ya miezi hii ni kujenga msingi: saa tatu au nne za mwendo wa pole, pumzi ikiruhusu mazungumzo, mapigo ya moyo yasipande ovyo. Ninaendesha kwenye barabara za mashamba ya mkonge, zilizochongwa kwa ajili ya matrekta na si kwa matairi yangu membamba. Mkonge wenyewe ni mgeni aliyezoea. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta upande wa Pangani mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa ilisalia hai 62 tu. Mara moja kwa wiki, mvua ikikubali, ninachukua gari hadi Mombo na kupanda mlima kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona na maporomoko. Jioni ninabeba gunia la mahindi mabegani, ninachuchumaa na kusimama, huku watoto wa jirani wakihesabu kwa sauti na kuruka namba wanavyotaka.

Matope na baiskeli ni marafiki wa zamani. Ufaransa ilifanya mashindano yake ya kwanza ya taifa ya mbio za matopeni mwaka 1902, na Octave Lapize, aliyeshinda Tour de France ya 1910, alizisifu mbio hizo za baridi kwa kumjenga. Wengine walikimbilia viwanja vya ndani, wakazunguka mbao usiku na mchana kwa siku sita. Na wengine walikuja Afrika.

Hapo ndipo anapoingia Fausto Coppi.

Muitaliano huyu alishinda Giro d'Italia mara tano na Tour de France mara mbili, 1949 na 1952. Katikati ya vita, mwaka 1943, Waingereza walimteka huko Tunisia, naye alirudi akaendelea kushinda. Desemba 1959, akiwa na miaka 40 na msimu umekwisha, alisafiri na wenzake, Jacques Anquetil na Raphaël Géminiani wakiwemo, kwenda Volta ya Juu, nchi tunayoiita leo Burkina Faso. Walishindana Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu walikuwa wengi.

Wote wawili waliugua walipofika kwao. Huko Ufaransa madaktari waliipima damu ya Géminiani, wakaona malaria kali, wakampa kwinini. Nchini Italia madaktari wa Coppi waliendelea kutibu mafua na mapafu. Alifariki Januari 2, 1960. Géminiani aliishi hadi Julai 2024, akakaribia miaka mia. Chumba kimoja, mbu wale wale.

Hadithi hii niliijua, nimewahi hata kuwasimulia wenzangu kwenye mazoezi. Ndiyo maana naona aibu kuandika kinachofuata.

Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani hupima mapigo ya moyo. Yangu huwa 48 au 49. Asubuhi moja yalikuwa 63. Kichwa kiliniuma, viungo vikawa kama vimepigwa. Kitabu cha mazoezi kina jibu la hayo: umejichosha, punguza mwendo. Nikapunguza. Kesho yake yalikuwa 70, nami nikaandika kwenye daftari, "uchovu", nikaendesha saa mbili nikitetemeka juani. Nilikuwa na namba zote mkononi, ila sikuwauliza mbu.

Bibi hakuwa na namba yoyote. Aliniwekea kiganja shingoni.

"Twende zahanati."

"Bibi, ni mazoezi tu haya."

"Mazoezi hayatetemeshi mtu chini ya mablanketi mawili, mjukuu wangu."

Tulipanda bodaboda watatu. Tone la damu kidoleni, dakika kama kumi na tano, mistari miwili kwenye kipimo. Nikapewa dawa mseto ya siku tatu. Nesi aliniuliza nimekuwa na homa tangu lini, nikampunguzia siku.

Nilipolala nilifikiri sana juu ya jiografia. Coppi alipokuwa akifa, kule Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kuotesha miti ya kwinini, kulikuwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki. Na watoto wa wilaya yetu hii ya Korogwe walikuwa miongoni mwa zaidi ya watoto 15,000 waliojaribiwa chanjo ya malaria katika nchi saba za Afrika, majaribio yaliyoanza 2009. Chanjo hiyo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Nami, mtoto wa hapa, nilisoma homa yangu kama Muitaliano.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa na David Kinjah, naye alipimwa damu mwishoni mwa 2010, akakutwa na kichocho. Alikuwa amehangaika muda mrefu kujua kwa nini nguvu zinakuja na kuondoka. Mwaka 2013 alishinda Tour de France. Yeye angalau alipimwa.

Siku ya nne nilitaka kutoka. Ratiba ya kocha ilisema kilomita 60. Nilifika kwenye mwembe wa pili, moyo ukadunda 160 kwenye tambarare, nikageuza na kurudi nikikokota baiskeli. Bibi alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Hakusema kitu.

Siku ya kumi na moja mapigo yalisoma 50. Nikatoa baiskeli, nikakuta tairi la nyuma halina upepo.

"Bibi, pampu iko wapi?"

"Pampu gani?"