Miaka ya Anguko Katika Soko la Hisa la Nairobi

Soko la Hisa la Nairobi lilianza mwaka 1954 kama chama cha madalali, yaani mawakala wanaonunua na kuuza hisa kwa niaba ya wateja wao, na hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963 biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa Wazungu peke yao, kwa kuwa Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kushiriki. Mwenendo wa soko hilo ulipimwa kwa fahirisi, ambayo ni namba moja inayojumlisha kupanda na kushuka kwa bei za hisa za kampuni 20, na ambayo kiwango chake cha kuanzia kilikuwa 100 kwa mwaka 1966. Februari 1994 fahirisi hiyo ilipita 5,000. Kufikia mwaka 2002 ilikuwa imebaki juu kidogo tu ya 1,000.

Ni rahisi kuwalaumu wananchi wa miaka hiyo minane kwa kukosa ujasiri wa kununua hisa zilipokuwa rahisi, lakini lawama hiyo haiwatendei haki. Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho Serikali ilikuwa ikikopa kwa umma kupitia hati za hazina, ambazo ni mikopo isiyozidi mwaka mmoja, na kwa miaka kadhaa ililipa riba iliyozidi asilimia 20, huku uchumi ukidorora na ukame wa mwishoni mwa muongo ukileta mgawo wa umeme viwandani. Mwenye akiba aliyepewa riba ya namna hiyo, bila kubeba hatari ya kampuni yoyote, hakuwa na sababu ya kuikimbilia hisa ambayo ilizidi kupungua thamani. Hali ilibadilika baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, kwa kuwa mwaka uliofuata riba ya hati za siku 91 ilianguka hadi karibu asilimia 1, fedha zikakosa pa kukaa, zikarudi katika hisa, na Januari 2007 fahirisi ikavuka 6,000. Aliyenunua wakati wa giza alivuna sana, ingawa ni lazima ikubalike kwamba alihitaji fedha ambazo hangezihitaji kwa shughuli nyingine kwa miaka mingi.

Sharti hilo la kuweza kusubiri ndilo lililowaponza wengi mwaka 2008, Serikali ilipouza kwa umma hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, sawa na robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, na miongoni mwa waombaji walikuwamo watu waliokopa benki wakitarajia kuuza kwa faida mara tu hisa zitakapoingia sokoni mwezi Juni. Walipata sehemu ndogo tu ya walichoomba, riba ya mkopo ikaendelea kuhesabiwa, kisha msukosuko wa fedha duniani ukazidisha majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na mapema mwaka 2009 hisa hiyo ikauzwa chini ya shilingi 3. Kampuni yenyewe haikuwa imedhoofika: wateja wa M-Pesa, huduma yake ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzishwa mwaka 2007, walikuwa wakiongezeka, na mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Wakati huo wengi wa waliokopa walikuwa wameshauza zamani kwa hasara, kwa kuwa tarehe ya kulipa deni haikungoja soko lipone.

Hata hivyo, subira peke yake haikutosha. Hisa za shirika la ndege la Kenya Airways, zilizouzwa kwa umma mwaka 1996 kwa shilingi 11.25, zilipanda sana katikati ya muongo uliofuata kabla ya kuanza kuporomoka, na katika kila hatua ya mporomoko huo walikuwapo walioziona kuwa rahisi wakanunua, ilhali shirika lilikuwa likielemewa na madeni na hasara. Julai 2020 biashara ya hisa hizo ilisimamishwa, na waliozishika hawakuweza kuziuza sokoni kwa bei yoyote hadi Januari 2025.