Gari la kwenye skrini lilipopata uzito

BUNYAKIRI – Kwenye vyumba vya video vya Bukavu, na hata kwenye vituo vidogo vyenye jenereta au umeme wa jua, wengi wanaotoa franga zao wanataka kucheza mpira. Mchezo wa magari unakuja nyuma. Lakini mtazame kijana aliyeshika maneti kwa ajili ya gari: anainamisha mwili mzima kwenye kona, anauma meno gari linapoteleza, mabega yanapanda kabla ya kuruka kilima. Anayecheza mpira hafanyi hivyo. Huyu mwili wake umedanganywa kwamba uko ndani ya gari.

Kumdanganya mtu namna hiyo si kazi ndogo. Iliwachukua wajuzi wa Japani na Uingereza karibu miaka 20, na katikati ya miaka hiyo vilima vya Kivu viliingia katika habari hiyo bila mtu yeyote wa Bunyakiri kuulizwa.

Mwaka 1982 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa mchezo wa Pole Position. Ulikuwa ndani ya mashine kubwa yenye usukani, kanyagio la mafuta na gia mbili tu, ya chini na ya juu. Mchezaji aliliona gari lake kwa nyuma, na barabara ya uwanja wa Fuji ikimjia mbele. Kwa wakati ule ilikuwa ajabu. Hata hivyo gari lile halikuwa na uzito. Lilikuwa picha inayosogezwa kushoto na kulia. Ukigonga bango lilipasuka kwa moto, kisha likarudi zima kana kwamba hakuna kilichotokea.

Desemba 1997 ndipo mambo yalipogeuka kwelikweli. Kazunori Yamauchi na wenzake, chini ya kampuni ya Sony, walitoa Gran Turismo kwa ajili ya PlayStation. Humo kila gari lilipigiwa hesabu yake: kilo zake, nguvu ya injini, na kama yanayosukuma ni matairi ya mbele au ya nyuma. Ukikanyaga breki, uzito unahamia mbele na nyuma inabaki nyepesi. Ukikata kona wakati huohuo, mkia wa gari unataka kukupita. Sababu ni kwamba tairi lina kiasi fulani tu cha kushika barabara, na kiasi hicho kinagawanywa kati ya kusimamisha na kugeuza. Kikiisha chote kwenye breki, usukani haubaki na kitu.

Dereva wa Fuso anayeteremka kutoka mbuga ya Kahuzi-Biega kuelekea Bunyakiri, watu wamekaa juu ya mizigo, analijua jambo hilo bila kufundishwa na mashine. Anapunguza mwendo kabla ya kona, si akiwa ndani yake. Vijana wengi duniani ambao hawajawahi kushika usukani walijifunza somo hilohilo kwenye Gran Turismo, kwa kugonga ukuta mara mia bila mtu kuumia.

Mwezi mmoja kabla ya mchezo huo, Sony ilikuwa imeanza kuuza Japani maneti mpya, DualShock. Ndani yake mlikuwa na mota mbili ndogo, moja ikizungusha kizito na nyingine kizito kidogo zaidi, vyote vimewekwa upande ili vitingishe mkono. Tairi likigusa majani kando ya barabara, mkono unasikia mtetemo mdogo. Ukigonga gari la mbele, unasikia mshindo. Mkono ukaanza kupata habari kabla ya macho. Kisha Machi 2000 ikaja PlayStation 2, na maneti yake ikaongeza kitu ambacho watu wengi walikitumia bila kukitambua: vifungo vilipima nguvu ya kidole. Bonyeza kidogo, gari linakwenda polepole. Bonyeza sana, linaruka. Kidole gumba kikawa mguu wa dereva.

Hesabu hizo zote zinataka umeme uliotulia, na hapo ndipo koltani inapoingia. Kutoka koltani hupatikana tantalamu, na kwa tantalamu hutengenezwa kapasita, kipuri kidogo kuliko punje ya mchele kinachohifadhi umeme na kuutoa kwa kipimo bila kuharibika upesi kwa joto. Kapasita hizo zilikuwa kwenye simu za mkononi, kwenye kompyuta, na kwenye mashine za michezo. Mwaka 2000 viwanda vyote vilizitaka kwa pamoja, wafanyabiashara wakaogopa kwamba zitakosekana, na kila mmoja akanunua zaidi ya anachohitaji. Bei ya madini hayo ikapanda mara kadhaa katika miezi michache, ikavuka dola 200 kwa ratili moja. Septemba ya mwaka huo Sony ilitangaza kwamba shehena ya kwanza ya PlayStation 2 kwa Marekani itashuka kutoka mashine 1,000,000 hadi 500,000 kwa sababu ya upungufu wa vipuri.

Baadaye magazeti ya nje yalipenda kuita vita vile vita vya PlayStation. Jina hilo linarahisisha mno. Vita vilikuwa vimeanza Agosti 1998, karibu miaka miwili kabla mashine hiyo haijaingia dukani, na simu zilihitaji tantalamu vilevile. Lakini kwamba pesa za koltani zililisha bunduki si uvumi: kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika hivyo katika ripoti yake ya Aprili 2001.

Wazee na akina mama wa Bunyakiri wanaikumbuka miaka hiyo kwa namna nyingine. RCD-Goma, ikisaidiwa na Rwanda, ilishika miji na barabara kubwa. Mayi-Mayi wa Jenerali Padiri walikuwa na ngome yao upande wa Bunyakiri. Raia walikuwa katikati, familia zikilala msituni na kurudi mashambani kwa kuibia. Kote Kivu vijana waliacha shule na jembe wakaenda kuchimba. Katika Kahuzi-Biega wachimbaji waliingia kwa maelfu, na waliishi kwa nyama ya mwitu. Tembo wa sehemu ya milimani karibu waishe wote, na sokwe wengi waliuawa. Katikati ya 2001 bei ilikuwa imeanguka. Mwezi wa saba mwaka huohuo Gran Turismo 3 ilianza kuuzwa Marekani, na watu wakasifu jinsi jua la jioni linavyong'aa juu ya lami.

Lami ndiyo udhaifu wa michezo ile. Barabara yake haibadiliki: mzunguko wa kumi ni sawa na wa kwanza. Mtu wa Kivu akitaka kuona mchezo unaofanana na maisha yake, inambidi atazame rali, na hasa ile yenye jina la Kiswahili, Safari.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa mvua. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. La kwanza lilikuwa Peugeot 404, gari ambalo Kongo nzima imelijua. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Barabara haikufungwa kwa watu wengine. Helikopta zilitangulia kuwaonya madereva kuhusu wanyama na malori, na magari yalifungwa vyuma mbele na bomba refu la kuvutia hewa ili injini isinywe maji mtoni.

Mskoti Colin McRae aliishinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, msomaji wake wa njia akiwa Nicky Grist. Kampuni ya Codemasters ya Uingereza ilikuwa imempa McRae mchezo wenye jina lake tangu 1998, na sauti ya Grist ndiyo iliyoita kona. Katika mchezo wa pili, wa mwaka 2000, Kenya ilikuwamo. Ladha yake ni tofauti kabisa na lami. Usukani unageuzwa mapema, kabla kona haijafika. Gari linatupwa ubavu, na mafuta ndiyo yanayolivuta litoke. Anayengoja kuona kona kwa macho amechelewa. Anamwamini anayesema.

Ila mchezo ulikata kilichofanya Safari iwe Safari. Mwaka 2002 madereva walishindana kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kwenye skrini hatua moja ilikwisha kwa dakika chache. Hapakuwa na ng'ombe wala lori la chai linalokuja upande wa pili.

Baada ya 2002 Safari iliondolewa kwenye ratiba ya dunia, kwa shida za fedha na maandalizi. Ilipangwa irudi 2020, korona ikaizuia. Septemba ya mwaka huo kampuni ya Kylotonn ya Ufaransa ilitoa WRC 9 yenye njia za Kenya ndani, kwa hiyo watoto wa Paris walikuwa wameshaendesha rali ya Kenya kabla Kenya yenyewe haijaiona tena. Juni 2021 ilirudi kweli, Naivasha, hatua zake zikiwa kama kilomita 320, na Mfaransa Sébastien Ogier akashinda. Pale kuna mchanga laini kama unga unaomeza magurudumu. Mchezo unajua kuupunguzia gari mwendo. Vumbi linaloingia hadi kwenye chumba cha injini haujui kulifanya.

Kongo haijawahi kuandaa rali ya ubingwa wa dunia, na michezo hiyo inafuata ratiba ya ubingwa. Barabara ya taifa namba 3, kutoka Miti kupitia mbuga hadi Bulambika na Hombo, haimo. Kwenye mchezo gari likinasa, mchezaji anabonyeza kifungo, linarudishwa katikati ya njia, na adhabu ni sekunde chache. Kwenye namba 3 lori likinasa wakati wa mvua, wasafiri wanashuka, vijana wa kijiji cha karibu wanakuja na majembe na kutaja bei, na mama mwenye mzigo wa ndizi anahesabu zitakazokuwa zimeoza kabla ya kuiona Bukavu.