Mwaka 1844 na Chimbuko la Kanisa la Waadventista Wasabato

Imani kwamba Yesu Kristo atarudi kuwahukumu walio hai na wafu hukiriwa na karibu makanisa yote, lakini swali la wakati wa kurudi kwake limewagawanya Wakristo tangu zamani. Katika Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 19, wahubiri wengi wa Kiprotestanti walifundisha kwamba ufalme wa miaka elfu unaotajwa katika sura ya 20 ya Ufunuo, ambao wanateolojia huuita milenia, ungeletwa hatua kwa hatua kwa mahubiri, elimu na marekebisho ya jamii, na kwamba Kristo angerudi baada yake. Aliyelipinga fundisho hilo kwa nguvu hakuwa msomi wa chuo bali mkulima, naye alidai kwamba Kristo angetangulia kuja, na kwamba mwaka wa kuja kwake ungeweza kuhesabiwa.

Mkulima huyo, William Miller, alizaliwa mwaka 1782 katika jimbo la Massachusetts na akakulia Low Hampton, jimbo la New York. Katika ujana wake alifuata udeisti, yaani fikra kwamba Mungu aliumba ulimwengu kisha akauacha ujiendeshe, lakini baada ya kupigana katika vita vya mwaka 1812 dhidi ya Uingereza aliirudia imani ya Kibaptisti. Akaanza kuisoma Biblia aya kwa aya, akisaidiwa na itifaki, kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yalipo, na kufikia mwaka 1818 alikuwa amekwisha kusadiki kwamba ulimwengu ulibakiwa na takriban miaka 25.

Msingi wa hesabu yake ulikuwa Danieli 8:14, aya inayosema kwamba patakatifu patatakaswa baada ya nyakati za jioni na asubuhi 2,300. Kwa kufuata kanuni ya kale ya wafasiri, ambayo huihesabu siku moja ya unabii kuwa mwaka mmoja, Miller alizifanya siku hizo kuwa miaka, akaanza kuzihesabu tangu mwaka 457 KK, wakati mfalme Artashasta wa Uajemi alipotoa amri iliyohusu Yerusalemu, na jumla yake ikamfikisha mwaka 1843. Patakatifu palipotajwa alipafasiri kuwa dunia, na kutakaswa kwake kuwa moto wa siku ya mwisho.

Miller alianza kuhubiri hadharani mwaka 1831, lakini mafundisho yake yalibaki ya vijijini mpaka Joshua Himes, mchungaji wa Boston aliyeujua vyema uwezo wa mitambo ya uchapaji, alipoanzisha gazeti la vuguvugu hilo mwaka 1840. Miaka miwili baadaye wahubiri walipewa chati kubwa ya kutundikwa, iliyochorwa sanamu ya ndoto ya Nebukadneza na wanyama wa Danieli na Ufunuo, huku pembeni mwake tarakimu zikijumlishwa na kutolewa hadi mwaka 1843, hivyo kwamba hata asiyezoea vitabu aliweza kuifuata hoja kwa macho. Wanahistoria hukadiria kwamba waliovutwa walikuwa kati ya watu 50,000 na 100,000.

Miller mwenyewe alikataa kutaja siku, akaweka tu mipaka ya mwaka mmoja, kuanzia Machi 21, 1843 hadi Machi 21, 1844. Muda huo ulipopita bila tukio, mhubiri Samuel Snow alieleza kwamba hesabu kati ya KK na BK haina mwaka wa sifuri, na kwamba amri ya Artashasta ilianza kutekelezwa majira ya vuli, hivyo miaka 2,300 ingetimia katika vuli ya mwaka 1844. Akaihusisha na Siku ya Upatanisho, sikukuu ya Kiyahudi ya tarehe 10 ya mwezi wa saba, na kwa kufuata kalenda ya Wakaraite, Wayahudi wasiokubali mapokeo ya marabi, akaipata tarehe 22 Oktoba. Mkutano wa kambi uliofanyika Exeter, New Hampshire, mwezi Agosti uliipokea hoja hiyo kwa shangwe, na baadhi ya wakulima wakaacha mazao yao shambani bila kuyavuna, ingawa Miller na Himes waliikubali wiki chache tu kabla ya siku yenyewe. Masimulizi kwamba waumini walivaa kanzu nyeupe na kupanda juu ya mapaa yalienezwa sana na magazeti, lakini hayana ushahidi wa kuaminika.

Siku ilipopita, dhihaka na mfarakano vilifuata, na tukio hilo likaitwa Masikitiko Makuu. Wengi waliacha vuguvugu, wengine wakatafuta tarehe mpya, na Miller alifariki mwaka 1849 akikiri kosa la hesabu lakini akiendelea kungoja. Kundi dogo lilichukua njia ya tatu: Hiram Edson na wenzake walishikilia kwamba tarehe ilikuwa sahihi na kosa lilikuwa katika tukio, kwa kuwa patakatifu pa Danieli palikuwa hekalu la mbinguni, ambamo Kristo alianza siku hiyo awamu ya mwisho ya ukuhani wake, iliyokuja kuitwa hukumu ya upelelezi. Kwa fundisho hilo waliunganisha utunzaji wa Jumamosi, uliotoka kwa Wabaptisti wa Siku ya Saba, pamoja na maono ya Ellen White, mwanamke kijana wa vuguvugu hilo, na mwaka 1863 wakaunda rasmi Kanisa la Waadventista Wasabato.

Katika Afrika Mashariki, wamisionari wa kanisa hilo walifika Upare mwaka 1903, wakati wa utawala wa Wajerumani, wakafungua kituo chao Giti, na mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, mzaliwa wa Malawi ya leo, wakaanza kazi Gendia, karibu na Ziwa Victoria. Huko kanisa lilitambulikana kwa Sabato, shule na zahanati, wala si kwa kutangaza siku ya mwisho. Ellen White mwenyewe, aliyeyapitia masikitiko ya 1844 akiwa na umri wa miaka 16, alikwisha kuwaonya waumini dhidi ya kuweka tarehe nyingine, na imani ya 25 kati ya imani 28 za msingi za kanisa hilo inatamka kwamba wakati wa kurudi kwa Kristo haujafunuliwa.