Watazamaji wa Mbali: Jinsi Tamthilia za Asia Zilivyovuka Bahari

Mwaka 1983, wakati Tanzania Bara ilipokuwa haina hata kituo kimoja cha televisheni, na Unguja, iliyokuwa na picha za rangi tangu mwaka 1973, ikitamba peke yake kwa jambo hilo, shirika la utangazaji la Japani liitwalo NHK lilianza kuonyesha kila asubuhi, saa mbili na robo, kwa vipande vya dakika 15 tu, maisha ya mwanamke mmoja aitwaye Oshin. Mtungaji wake, Bibi Sugako Hashida, alimzaa Oshin katika ufukara wa vijiji vya Yamagata mwanzoni mwa karne ya 20. Akampeleka kutumikia nyumba za watu angali mtoto mdogo, kwa ujira wa gunia la mchele walilopewa wazazi wake. Akamfilisi kwa tetemeko la ardhi la mwaka 1923. Akamtia mikononi mwa mama mkwe asiyejua huruma. Akampokonya mwana na mume kwa sababu ya vita. Na hatimaye akamfanya tajiri mwenye maduka, bikizee anayejiuliza kama mali ile ilistahili thamani iliyolipwa. Vipande vilikuwa 297, vikaisha mwezi Machi 1984, na kwa wastani zaidi ya nusu ya nyumba zilizopimwa nchini humo zilikuwa zikivitazama.

Hayo yalikuwa ya nyumbani kwao. Lililokuwa geni ni kwamba Oshin alisafiri, na kusafiri kwake hakukutegemea bei, kwa kuwa taasisi ya utamaduni ya Japani iliwagawia tamthilia hii watangazaji wa nchi maskini bila ya kudai malipo. Aliingia Thailand na Singapore, akaingia China, akaingia Misri, na jumla ya nchi zilizompokea ikapita 60. Katika Iran, iliyokuwa ikiuguza majeraha ya vita na Irak, watu waliacha shughuli zao ili kumtazama, na jina la ukoo alioolewa, Tanokura, likageuzwa kidogo ulimini na kuwa jina la maduka ya nguo kuukuu, yaani mitumba yetu, kwa kuwa Oshin naye alipata kujitafutia riziki kwa biashara ya nguo. Mapenzi hayo yalifika mpaka kuleta mashaka: mwaka 1989, katika mazungumzo ya redio ya siku ya kuzaliwa kwa Bibi Fatima, binti wa Mtume, mwanamke mmoja aliulizwa ni nani kielelezo chake, akajibu kuwa ni Oshin, Ayatollah Khomeini akaghadhibika, na wasimamizi wa kipindi wakahukumiwa adhabu kali kabla ya kusamehewa. Sijui tamthilia nyingine iliyopata kuwaingiza watu gerezani, au karibu na gereza, kwa sababu mtazamaji wa mbali ameipenda kupita kiasi.

Hadithi ya safari hizi aghalabu husimuliwa na muuzaji. Tunaelezwa habari za wizara, ruzuku, kampuni na mikataba, kana kwamba tamthilia ni shehena inayopakiwa bandari moja na kupakuliwa nyingine. Mimi naona kwamba mchukuzi mkubwa alikuwa mtazamaji mwenyewe, asiyelipwa wala kutumwa, aliyeona kitu cha watu wengine akakitamani, akakitafuta, akakifasiri, akakijadili na wenzake mpaka usiku wa manane. Na muuzaji, katika mara nyingi ninazozifahamu, alifika nyuma yake akakuta njia imekwisha kufyekwa.

Tazama mambo ya Korea. Mwaka 1997 televisheni ya taifa ya China ilionyesha tamthilia ya Kikorea ya familia mbili, moja ya kikale na moja ya kisasa, zilizounganishwa na ndoa, na Wachina wakaipenda hata ikarudiwa. Lakini tukio lililowashangaza Wakorea wenyewe lilitokea Japani. Tamthilia ya Kikorea iitwayo Winter Sonata, iliyoongozwa na Yoon Seok-ho na kuonyeshwa Korea mwanzoni mwa mwaka 2002 kwa vipande 20, ilinunuliwa na NHK na kuwekwa mwaka 2003 katika chaneli yake ya setilaiti, mahali pasipotazamwa na watu wengi. Ni kisa cha huba ya kwanza, cha kijana anayedhaniwa amekufa na mtu mwenye sura yake anayetokea baada ya miaka kumi, na theluji kila upande. Wanawake wa Kijapani wa makamo, ambao hapana mfanyabiashara aliyekuwa akiwafikiria, waliandika barua nyingi wakaomba irudiwe; ikarudiwa; na mwaka 2004 ikapandishwa katika chaneli kuu. Mwigizaji wake Bae Yong-joon alipowasili Tokyo mwaka huo alikuta maelfu wakimngojea katika uwanja wa ndege, nao wakampa jina la taadhima, Yon-sama, ambalo kwa desturi yao huwafaa watu wa daraja ya juu.

Uzito wa jambo hilo hauonekani ila kwa mwenye kukumbuka yaliyopita. Japani iliitawala Korea tangu mwaka 1910 hata 1945, ikawalazimisha Wakorea kusema Kijapani na kujiita kwa majina ya Kijapani. Na baada ya uhuru Korea Kusini iliufungia mlango utamaduni wa Japani, mlango ulioanza kufunguliwa kidogo kidogo mwaka 1998, na tamthilia za televisheni zikawa miongoni mwa vitu vya mwisho kupewa ruhusa, mwaka 2004. Mwaka ule ule basi, mabibi wa Kijapani walikuwa wakijiandikisha katika madarasa ya Kikorea na kupanda ndege kwenda kutembea chini ya miti ya kisiwa cha Nami, mahali wapendanao wale walipopigiwa picha. Sidai kwamba machozi ya tamthilia yalifuta deni la historia. Baadaye chuki zilirejea, na watu wakaandamana mbele ya kituo cha televisheni huko Tokyo, mwaka 2011, kulalamikia wingi wa vipindi vya Kikorea. Ila mtu aliyejifunza lugha ya jirani yake akiwa na umri wa miaka 50, kwa shauku tu, haisahau kwa kelele za barabarani.

Dae Jang Geum ikafuata. Hii, ya vipande 54 vilivyoongozwa na Lee Byung-hoon na kuanza mwezi Septemba 2003, ilitoa katika kumbukumbu za wafalme wa Korea wa nasaba ya Joseon jina la mwanamke tabibu aliyetajwa kwa maneno machache mno, ikamjengea maisha mazima tangu jikoni mwa mfalme hata kitandani pa wagonjwa wake. Taiwan, Hong Kong, China na Iran ziliipokea kwa zamu. Taiwan nayo ilikuwa imekwisha kutoa Meteor Garden mwaka 2001, kutokana na kitabu cha picha cha Mjapani Yoko Kamio. China ikaizuia, Ufilipino ikaitia sauti za Kitagalogi na kuishangilia, kisha Wajapani wakaigiza kisa hicho hicho mwaka 2005, Wakorea mwaka 2009, na Wachina, waliokuwa wameizuia, wakaigiza ya kwao mwaka 2018.

Sasa nisimame kidogo katika namna ya kutazama, maana ndiyo kiini cha jambo. Tamthilia ya Kikorea aghalabu ilikuwa na vipande 16 au 20, vilivyotolewa viwili kila juma, usiku mbili zilizofuatana, kisha kimya. Kwa miaka mingi ilitengenezwa mbio mbio, hata waigizaji wakakabidhiwa kurasa za mazungumzo siku ile ile ya kupigwa picha, na mtungaji akawa anaandika huku ametega sikio kusikia watu wanasemaje. Ule upweke wa siku tano kati ya jozi na jozi ya vipande ndio uliokuwa karakhana ya mazungumzo. Humo ilijadiliwa kama binti amchague tajiri mwenye kiburi au yule mwanamume wa pili, mpole, mwenye subira, ambaye kila mtu anampenda na ambaye ameumbwa ili ashindwe. Humo ililaumiwa desturi ya mwanamume kumshika binti kifundo cha mkono na kumkokota, desturi ambayo watunzi waliiona ni mahaba na watazamaji wengi wa mbali wakaiona ni ujeuri. Na kwa kweli miaka ya karibuni imepungua. Na humo wale waliozaliwa katika nyumba za Kikorea ughaibuni waliwafundisha wenzao kwa nini umri wa mwaka mmoja tu hubadili namna ya kusemezana, au kwa nini kijana humimina kinywaji kwa mikono miwili mbele ya mkubwa wake. Mtu wa Pwani, aliyelelewa kwa shikamoo na kwa kutotaja jina la mkubwa hivi hivi, hilo la mwisho hakuhitaji kufundishwa. Nami nadhani ni sababu mojawapo, ambayo haitajwi vya kutosha, ya tamthilia hizi kukaa vizuri kwetu kuliko nyingi za Marekani, ambamo mtoto humjibu baba yake akiwa amempa kisogo.

Kabla ya intaneti kuenea, mpenzi wa tamthilia aliyekaa Los Angeles alikwenda katika duka la vyakula la Wakorea, akakodi kanda zilizorekodiwa Seoul, zisizo na tafsiri yoyote. Honolulu ilikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa kituo chake cha KBFD kiliweka maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na watu wasio Wakorea wakanasa. Kisha, katika miaka ya 2000, vikaja vikundi vya wafasiri wa kujitolea. Mmoja alirekodi, wa pili akakata mazungumzo na kuyapimia muda wake, wa tatu akafasiri, wa nne akasahihisha. Na kipande kilichoonyeshwa Seoul usiku kikasomeka ng'ambo baada ya siku moja au mbili. Ilikuwa kazi isiyo na ruhusa ya wenye mali, na sitaki kuipamba kwa jina jingine. Hata hivyo vikundi vingi vilijiwekea sharti la insafu: tamthilia ikipata mwenye haki ya kuiuza katika nchi yao, wao hujitoa.

Kampuni zikaona. Viki, iliyoanzishwa mwaka 2007, iliwapa wafasiri hao nyumba halali, ikabaki na desturi yao ya kugawana kazi bila ya mshahara, na mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni ya Kijapani Rakuten. DramaFever ilianza Marekani mwaka 2009, ikapita mikononi mwa matajiri wawili, na tarehe 16 Oktoba 2018 ikafungwa siku moja, bila ya onyo, waliolipia wakiwa katikati ya hadithi zao. Mwaka 2021 Netflix ilitoa vipande vyote tisa vya msimu wa kwanza wa Squid Game, tamthilia ya Kikorea, kwa mpigo, ulimwengu mzima ukavimeza kwa siku chache, na mwaka uliofuata mwigizaji wake Lee Jung-jae akapewa tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora. Ni fahari kubwa. Lakini tamthilia inayomezwa kwa usiku mmoja haiachi nafasi ya kubishana, na mimi, nikiulizwa, ningeirudisha ile desturi ya vipande viwili kwa juma.

Afrika Mashariki haikuingia katika habari hii mikono mitupu. Watu wa Unguja na Mombasa walikuwa wamejifunza tangu zamani kulia na kucheka na hadithi za lugha wasiyoijua, katika majumba ya sinema yaliyoonyesha picha za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilijadiliwa vibarazani muda mrefu baada ya taa kuwashwa. Tanzania Bara ilipopata televisheni mwaka 1994, na kanda za video zikajaa vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, akatokea fundi wa namna yake: msimuliaji aliyefasiri filamu kwa sauti yake mwenyewe, akiwasemea wote, mke na mume, jambazi na askari, huku akitia maoni na mzaha wake. Mashuhuri wao wa mwanzo Dar es Salaam alijulikana kwa jina la Lufufu. Wanaoona kazi ile ni uharibifu wa filamu hawajaketi kibandani wakaona watu wakirudia filamu moja kwa ajili ya msimuliaji tu.

Njia rasmi ilikuja baadaye. Idhaa ya Kiswahili ya Beijing, iliyo hewani tangu mwaka 1961, ilishughulikia kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou, binti aliyeolewa na mwana wa wazazi walioachana, akajikuta ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Na TBC, shirika la utangazaji la Tanzania, ikaionyesha mwishoni mwa mwaka 2011. Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mwaka 2016 kampuni ya Kichina ya StarTimes iliendesha shindano la kuingiza sauti Tanzania, na washindi wakapelekwa Beijing kuifanya kazi hiyo.

Sauti hizo zinapotea. Kanda za wasimuliaji wa vibandani zinaoza katika masanduku, au zimekwisha kufutwa na kurekodiwa mpira juu yake, na waigizaji wengi walioingiza sauti katika tamthilia za kigeni hawajulikani kwa majina hata na majirani wanaowasikia kila jioni. Vituo vya televisheni vinaweza kuandika majina yao mwishoni mwa kila kipande, na haigharimu kitu. Nawe msomaji, ukiwa na kanda ya zamani yenye sauti ya msimuliaji, usiitupe. Itafutie mtu mwenye mashine ya kuihamisha kabla ya masika mengine.