Nguzo ya Rawdha na Amana ya Kupima Maji

Napenda leo tuzungumze juu ya nguzo moja ya marumaru iliyosimama ndani ya shimo, katika kisiwa cha Rawdha, kati ya mto Nili mjini Cairo. Vijana wetu wanaosoma skuli hutuuliza mara nyingi: Waislamu wana nini katika elimu hii ya mvua, maji na mabadiliko ya mazingira inayotajwa kila siku? Nasi huwajibu kwa majina makubwa, Ibn Sina na Al-Biruni, kisha tukanyamaza. Mimi nawajibu kwa nguzo hii. Waliosimama mbele yake karne baada ya karne hawakuwa mashuhuri, na kazi yao ilikuwa moja tu: kutazama maji yamefika wapi, na kusema kweli.

Misri ni nchi isiyo na mvua ya kutegemea. Riziki yake yote ilikuja na mto, ambao ulipanda kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Juni, ukafurika mashambani hadi Septemba, kisha ukashuka ukiacha tope jeusi lenye rutuba. Ukipanda kidogo, ardhi za juu hukauka na watu hufa njaa. Ukizidi, huvunja kingo na kuzamisha vijiji. Kwa hiyo tangu zama za Mafirauni watu walikuwa wakiupima, na wanahistoria wa Kiarabu, akiwamo Ibn Abdil-Hakam, wamepokea kuwa wa kwanza kuupima alikuwa Nabii Yusuf (A.S.).

Huyo huyo Ibn Abdil-Hakam ndiye aliyetuletea kisa tulichokisikia sote chuoni, cha barua ya Sayyidna Umar (R.A.) kwa mto Nili: kwamba watu wa Misri walizoea kumtupa mwari mtoni kila mwaka ili maji yapande, Amr bin Al-As akawakataza, maji yakachelewa, na Sayyidna Umar akaleta karatasi itupwe badala ya binti wa watu. Wanavyuoni wa isnadi wana maneno juu ya kisa hiki, kwani ndani ya mapokezi yake yumo mtu asiyetajwa jina, basi hatukijengei hoja. Lakini taarikhi iliyothibiti inatuonyesha Waislamu wakiuendea mto ule kwa kipimo. Zama za Bani Umayya, takriban mwaka 97 Hijria (716 Miladi), Usama bin Zayd At-Tanukhi alijenga mikyasi hapo Rawdha. Haikudumu. Mwaka 247 Hijria (861 Miladi), ambao ndio mwaka aliouawa Khalifa Al-Mutawakkil, ikajengwa kwa amri yake hii tunayoiona hadi leo.

Umbo lake ni hivi. Lilichimbwa shimo refu, likajengewa kuta za mawe, na ngazi za kuteremkia zikazunguka kuta hizo. Njia tatu za chini kwa chini, moja juu ya nyingine, ziliingiza maji kutoka mtoni, ili ndani ya shimo yawe sawasawa na ya nje lakini yametulia, bila ya mawimbi ya kumdanganya mpimaji. Katikati ikasimamishwa nguzo yenye pande nane, imechongwa alama za dhiraa, na kila dhiraa ikagawanywa kwa vidole. Dhiraa ile ilikaribia sentimita 54. Juu ya kuta zikaandikwa kwa hati ya Kufi aya zinazotaja maji, mvua na mimea, na matao yake yaliyochongoka yalijengwa karne tatu kabla ya wajenzi wa makanisa ya Ulaya kuupenda mtindo huo. (Hili la matao ni la pembeni, lakini sikutaka kulipita.)

Jengo zuri linaweza kukaa na mwongo ndani yake, kwa hivyo mimi humtazama zaidi mtu waliyemweka. Kazi ile alikabidhiwa Abdullah bin Abdissalam, mashuhuri kwa jina la Ibn Abi'r-Raddad, mwalimu na mpokezi wa Hadithi kutoka Basra, kwa mshahara wa dinari saba kwa mwezi. Hakuwa mhandisi wala mtoza kodi. Ni mtu wa fani ambayo neno moja la uongo likithibiti juu yako, hupokelewi tena maisha yako yote. Kizazi chake kiliirithi kazi hiyo, na Al-Maqrizi alipoandika khabari za Misri katika karne ya 9 Hijria, karibu miaka 600 baadaye, ilikuwa ingali mikononi mwao. Kila mwaka waliandika namba mbili kuu: maji yaliyokutwa yamebaki kabla mto haujaanza kupanda, ambayo waliyaita maji ya kale, na kilele cha kupanda kwake. Ibn Taghribirdi, katika taarikhi yake An-Nujum Az-Zahira, anamaliza khabari za mwaka kwa namba hizo, dhiraa kadhaa na vidole kadhaa, baada ya kuwataja waliofariki.

Namba iliyongojewa ni 16. Ibn Battuta, aliyeiona Misri mwaka 1326, miaka mitano kabla ya kufika kwetu Mombasa na Kilwa, ameeleza kuwa maji yakifika dhiraa 16 kharaji ya Sultani hutimia, yakifika 17 mwaka huwa wa neema, yakifika 18 huleta madhara. Yakipungua dhiraa moja kharaji hupunguzwa, na yakipungua mbili watu hutoka kuomba mvua. Siku ya 16 ilikuwa sikukuu: nguzo ilipakwa zafarani na manukato, na boma la mfereji wa mji likakatwa ili maji yaingie.

Hapo ndipo pana fitina. Namba inayoamua kodi na bei ya ngano haiachwi peke yake. Wanadi walizunguka mitaani kila asubuhi wakitangaza vidole vilivyoongezeka tangu jana, na siku ambayo mto haukupanda wenye ngano walifunga maghala. Mwaka 362 Hijria (973 Miladi) Khalifa wa Kifatimi, Al-Mu'izz, akakataza kipimo kisitangazwe mpaka zitimie dhiraa 16. Apelekewe yeye na jemadari wake Jawhar tu. Al-Maqrizi anaisifu hatua hiyo, kwa kuwa iliwazuia walanguzi. Mimi naona ina sura mbili. Kumnyima mlanguzi fursa ni jambo jema, lakini mkulima naye alikuwa na haki ya kujua mapema kama apande au ahame. Hata hivyo Al-Mu'izz aliificha namba, hakuigeuza. Kitabuni iliandikwa kama ilivyokuwa.

Baadaye iligeuzwa. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo miaka ya 1820 na 1830, ameandika kuwa mnadi wa mto kwa kawaida alikuwa akitangaza vipimo visivyo vya kweli. Wenye kuchunguza vitabu vya Rawdha leo hawaziamini namba za karne zile za mwisho mpaka wazipime kwa ushahidi mwingine, na za karne ya kwanza pia wanazitilia shaka kwa sababu nyingine, kuwa ziliandikwa baadaye. Tena tope la mto limekuwa likiinua kitanda chake, kiasi cha mita moja kwa kila miaka elfu, hata dhiraa 16 ya mjukuu si sawa na ya babu. Hilo la tope linarekebishika kwa hesabu, lakini uongo hauna hesabu ya kuurekebisha. Aliyepokea rushwa aseme 16 alimdhulumu mkulima wa mwaka ule, na akamdhulumu na mtu atakayezaliwa miaka 300 baadaye akitafuta kujua mvua ilikuwaje.

Na namba zilipokuwa mbaya zilikuwa mbaya kweli. Njaa ya zama za Al-Mustansir, miaka ya 457 hadi 464 Hijria (1065–1072), ingali inatajwa Misri. Zaidi ya hiyo tunaijua ile ya 597 na 598 Hijria, kwa sababu alikuwapo tabibu Abdul-Latif Al-Baghdadi. Ameandika kuwa mwaka uliotangulia, 596 Hijria (1200 Miladi), mto ulisimama kwenye dhiraa 12 na vidole 21. Kabla ya hapo maji yalikuwa yamegeuka kijani na kunuka; hakutosheka na uvumi, akayachemsha na kuyachunguza mwenyewe. Mauti yakaenea hata mifupa ikalundikana nje ya mji, na yeye akaitazama, akaona taya la chini la binadamu ni mfupa mmoja, wala si miwili kama alivyosema Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye dunia nzima ilimfuata kwa miaka elfu. Katikati ya msiba ule hakuacha kutazama na kuandika.

Sasa turuke karne kadhaa. Mwaka 1925 Amir Omar Toussoun wa Misri alizikusanya namba za vitabu vyote hivyo pamoja. Mwingereza Harold Edwin Hurst, aliyefika Misri mwaka 1906 na akaufanyia kazi mto ule kwa zaidi ya miaka 60 hata wakamwita Abu Nil, alizichukua ili ajue hodhi la kuhifadhi maji liwe na ukubwa gani. Wahandisi walidhani miaka ya mvua na ya ukame hujitokeza kama sarafu inayorushwa juu, kila mmoja haujui wa jana. Hurst alirusha sarafu kweli, akachanganya na karata (si za kamari), akalinganisha na vipimo vya mito, mvua, pete za miti na namba za Rawdha. Mwaka 1951 akatangaza alichokiona: mto hauendi kama sarafu. Miaka ya shibe hushikana na miaka ya shibe, na ya dhiki na ya dhiki, kwa muda mrefu kuliko bahati ingevyotoa, na hodhi linalotakiwa ni kubwa kuliko walivyodhani.

Mwaka 1968 Mandelbrot na Wallis wakalipa jambo hilo jina, Athari ya Yusuf, kwa sababu ya miaka saba ya neema na saba ya ukame. Na gharika la ghafula wakaliita Athari ya Nuhu. Sisemi kuwa Qur'ani iliteremshwa ili kumfundisha Hurst hesabu. Wanaokimbilia maneno hayo wanakishusha Kitabu bila ya kukusudia. Lakini ni haki kusema kuwa namba zile zisingekuwapo lau si wale waliokuwa wakishuka ngazi za Rawdha.

Na zinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Gharika ya Nili hutoka zaidi milima ya Uhabeshi. Ama maji ya kale, yale ya msimu wa chini, sehemu yake kubwa huletwa na Nili Nyeupe inayotoka ziwa Victoria. Kwa hivyo Ibn Abi'r-Raddad, bila ya kujua, alikuwa akiandika khabari za mvua za nchi ambayo hakupata kuisikia. Katika kitabu kilichosimamiwa na J. B. Webster mwaka 1979, R. S. Herring alizitumia namba za Rawdha kukadiria miaka ya masimulizi ya watu wa maziwa makuu, pale wazee wanaposema tu "zama za njaa kubwa". Ushahidi mwingine hutoka katika tope la ziwa Naivasha, ambalo watafiti walioongozwa na Dirk Verschuren walilieleza mwaka 2000: nchi ilikuwa kavu kuliko leo kati ya takriban 1000 na 1270. Vipimo vya ziwa Victoria lenyewe vimeanza mwaka 1896 tu. Lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, likashuka sana mwaka 2006, na Mei 2020 likaifikia na kuivuka alama ya 1964, likiingia majumbani mwa watu. Anayetaka kujua kama hayo ni mageni kabisa au ni ada ya ziwa, hana njia ila kurudi kwenye vitabu vya kale.

Rawdha yenyewe haina kazi tena. Bwawa Kuu la Aswan lilianza kuzuia maji mwaka 1964 na likamalizika 1970, na gharika haifiki Cairo. Bwawa hilo liliiokoa Misri katika ukame wa miaka ya 1980. Pia lilizuia tope lililokuwa likilisha bahari: samaki wa sardini waliovuliwa mbele ya midomo ya mto walikuwa takriban tani 18,000 mwaka 1962, wakashuka chini ya tani 1,000 mwishoni mwa muongo ule, ingawa baadaye walirudi kiasi. Wavuvi wetu wataelewa namba hiyo bila ya kufafanuliwa. Na tangu Uhabeshi ilipoanza kujaza bwawa lake jipya mwaka 2020, nchi tatu zinashindana, na mojawapo ya madai ni lile lile la zamani: nani atamwambia nani, na lini, maji yamefika wapi.

Kwetu pwani wazee walihesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo, siku kumi kumi, wakajua kaskazi itaanza lini na masika yataingia lini. Hesabu ile ilikuwa vifuani. Kisima kilichokuwa kitamu zama za babu na leo kina chumvi, sisi tunakumbuka, lakini mwaka kilipoanza kubadilika haukuandikwa. Chombo cha kupimia kupwa na kujaa kwa bahari kiliwekwa bandarini Zanzibar mwaka 1984, na Mombasa 1986. Misikiti mingi ina daftari la waqfu, na mingi ina kisima uani.