Bastola ya Ishara na Mwanga Wake

Mwenye kurithi bastola ya ishara kutoka kwa babu aliyekuwa baharia au mwanajeshi wa anga hurithi chombo kinachopendeza kutazamwa, chenye mtutu mfupi na mpana, mara nyingi wa shaba ya manjano, ambao huinamishwa mbele juu ya bawaba yake kama bunduki ya marisau inapotiwa risasi. Walakini roho ya chombo hicho, yaani risasi ya mwanga, aghalabu haimo katika mirathi, na kuipata leo kuna taabu kuliko kuipata bastola yenyewe.

Mwanga, kwa hakika, ndio uliotangulia. Benjamin Franklin Coston, aliyewahi kulifanyia kazi Jeshi la Majini la Marekani mjini Washington, alifariki mwaka 1848 akamwachia mjane wake Martha watoto wadogo pamoja na karatasi zenye michoro ya mioto ya kupelekeana habari usiku baina ya manowari. Kazi ile ilikuwa haijakamilika, na bibi huyu, ambaye hakusomea kemia, alipitisha takriban miaka kumi akiwaajiri mafundi na kuwahimiza, hata akapata moto mweupe na mwekundu wa kutosha. Rangi ya tatu ikamshinda, mpaka mwaka 1858, alipoziona fashifashi zilizorushwa New York kuisherehekea simu ya chini ya bahari ya Atlantiki, ndipo alipowaandikia watengenezaji wa fashifashi, akapata kijani. Hataza ya mwaka 1859 ilitolewa kwa jina la marehemu, naye Martha akatajwa kuwa msimamizi wa mirathi tu, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma, kwani michoro bila ya jasho lake isingewaka hata usiku mmoja. Hataza ya jina lake mwenyewe aliipata mwaka 1871. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, manowari za Kaskazini zilizozingira bandari za Kusini ziliarifiana kwa mioto yake, na baada ya vita walinzi waliotembea doria ufukweni waliiwasha kuzionya merikebu zilizokuwa karibu kupanda mwamba.

Moto wa Coston ulishikwa mkononi. Luteni Edward Wilson Very, naye wa jeshi lilo hilo, ndiye aliyeurusha juu mwaka 1877, kwa bastola iliyotoa nyota nyekundu na za kijani zikifuatana kwa mpango, na kila mpango una maana yake. Kutoka hapo kila taifa likajifanyia bastola kwa kipimo chake: Waingereza inchi 1 na inchi 1½, Wajerumani milimita 26.5 hivi, na Wamarekani, kwa ndege zao za Vita Kuu ya Pili, milimita 37. Wajerumani walitia alama za mikwaruzo kwenye ukingo wa risasi, zikihitilafiana kwa rangi, ili mtu aliye gizani aijue risasi kwa kuipapasa.

Wingi huu wa vipimo ndio unaomsumbua mrithi, na pamoja nao uchakavu wa baruti. Wekundu hutoka katika chumvi za strontiamu, ukijani katika za bariamu, na ukali wa mwanga katika magnesiamu, ambayo ikiingiwa na unyevu huharibika ndani ya ganda bila ya kuonekana kwa nje. Kwa hiyo risasi zilizokutwa sandukuni pamoja na bastola zisifyatuliwe, ziachiwe wanaojua kuziharibu kwa salama. Mwenye bastola ya milimita 26.5 ana nafuu, maana majeshi ya Ulaya ya Mashariki yaliendelea na kipimo hicho na masalio yao yameuzwa sana. Risasi ya mashua ya milimita 25, ingawa yaelekea kufanana nayo, hulegea mtutuni na haifai. Masalio hayo, hata hivyo, hayamtoshelezi nahodha wa Marekani mbele ya Walinzi wa Pwani wa huko, ambao hutaka mioto iliyoidhinishwa na isiyopitiwa na muda wake, kwa desturi miezi 42 tangu kutengenezwa. Na huko Uingereza, sheria ya silaha ya mwaka 1968 huihesabu bastola hii kuwa silaha inayohitaji cheti, isipokuwa, kwa mfano, pale inapokuwa merikebuni kama sehemu ya vifaa vyake.