Ghala la Programu Ndani ya Nchi: Historia Fupi ya Faharasa za Vifurushi Tanzania, 1998–2024

Historia ya intaneti nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kama historia ya njia: setilaiti, kisha kebo za baharini, kisha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Maghala, yaani mahali programu zenyewe zinapohifadhiwa na kuorodheshwa ili kompyuta nyingine zizichukue, hayajaangaliwa kwa kiasi hicho. Makala haya yanatetea hoja kwamba ujio wa kebo mwaka 2009 ulibadili sababu ya kuwa na ghala la ndani, lakini haukuondoa haja yake.

Mfano wa Rufiji unafaa kuanzia. Ufuatiliaji wa idadi ya watu na afya ulipoanza huko mwaka 1998, Kibiti, pamoja na Mtunda, ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Taarifa za kaya ziliandikwa kwa mkono vijijini na kuingizwa kwenye kompyuta za kituo cha Ikwiriri. Programu ilikaa palepale kituoni. Kukatika kwa mawasiliano na ng'ambo hakungeweza kumzuia mwingiza takwimu. Leo takwimu za afya za wilaya huingizwa katika mfumo wa DHIS2, uliojengwa kwa vifurushi vingi ambavyo nakala zake ziko kwenye seva za nje. Mhudumu wa zahanati ya delta havioni vifurushi hivyo. Athari yake humfikia pale tu marekebisho ya mfumo yanapochelewa.

Faharasa ya vifurushi vya lugha ya Python, PyPI, ilianza mwaka 2003, wakati Afrika Mashariki bado ikitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje. Hoja ya ghala la ndani wakati huo ilikuwa gharama: kifurushi kimoja kikipakuliwa na watu ishirini, kimelipiwa mara ishirini. Jibu la kwanza la kanda lilihusu njia. Kenya ilifungua kituo cha kubadilishana trafiki, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000. Mdhibiti akakifunga baada ya wiki chache, kikarejea mwaka 2002. Dar es Salaam nayo ikapata kituo chake, TIX, katika muongo huohuo. Hata hivyo, kituo cha namna hiyo hufupisha safari baina ya majirani tu. Jirani asiye na ghala hana cha kutoa.

Kebo ya Seacom ilianza kazi Julai 2009, na EASSy mwaka 2010. Kupakua upya kutoka ng'ambo kukawa jambo jepesi, na hoja ya gharama ikadhoofika. Udhaifu wa hali hiyo ulionekana tarehe 12 Mei 2024, kebo hizo mbili zilipopata hitilafu kwa pamoja. Siku chache kabla, Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani, na barabara ya Lindi ikakatika eneo la Somanga. Trafiki ya ndani iliweza kupita TIX. Faharasa za programu zilikuwa upande wa pili wa mkato.

Taasisi inayotaka faharasa yake ina njia kadhaa. Kunakili PyPI yote kwa bandersnatch kunahitaji zaidi ya terabaiti 10 za diski, mzigo usio na maana kwa idara moja ya chuo. Kinyume chake ni folda ya kawaida: muundo uliosanifiwa mwaka 2015 ni kurasa za viungo tu, hivyo seva yoyote ya wavuti, au programu ndogo ya pypiserver, inatosha. Katikati yake kuna devpi, ambayo huhifadhi kila kilichoombwa na hupokea pia vifurushi vya taasisi yenyewe. Kwa mazingira ya Tanzania njia hii ndiyo yenye nguvu zaidi, ila ina sharti ambalo ni rahisi kusahauliwa: ghala hilo lina kile tu kilichowahi kuombwa. Lazima lijazwe kabla ya kebo kukatika. Huduma za kulipia za kampuni za nje huondoa kazi ya usimamizi, lakini ziko ng'ambo ileile.

Sababu ya pili ilijitokeza Februari 2021, mtafiti Alex Birsan alipoonyesha kwamba jina la kifurushi cha ndani likisajiliwa kwenye faharasa ya umma kwa namba kubwa ya toleo, kompyuta za kampuni zilizotazama faharasa mbili zilichukua kile cha umma. Apple na Microsoft ziliathirika. Devpi hufunga mlango huo: kifurushi kikishapandishwa ndani, matoleo ya nje yenye jina hilohilo hayaonyeshwi mpaka msimamizi ayaruhusu.